Tuzo kwa Kitabu cha Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuvipa Heshima Vitabu vya Wanaoanza Kusoma

Kitabu cha kurasa 16, chenye maneno yasiyozidi 150 na picha kila ukurasa, kikiwekwa mezani kando ya hadithi ya watoto yenye kurasa 90, waamuzi watakimaliza kwa dakika tatu na kukisogeza pembeni. Hawana nia mbaya. Wameambiwa watafute ploti nzito, wahusika walioumbika na lugha pevu, na kitabu cha mtoto wa Gredi ya 1 hakikuandikwa kutoa hayo. Kiliandikwa ili mtoto ambaye juzi alikuwa bado akikariri ba, be, bi, bo, bu akae chini, amalize kitabu kizima bila kusaidiwa, acheke, kisha akianze upya.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Mwandishi wa riwaya ana kamusi nzima ya kuchotea. Huyu wa Gredi ya 1 ana maneno machache ya silabi mbili tatu, na bado anadaiwa hadithi yenye mwanzo, tatizo na mwisho unaoridhisha. Anayeifanya vizuri anastahili kusimama jukwaani kama mwandishi mwingine yeyote.

Nairobi haikosi tuzo za vitabu. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ipo tangu mwaka 1974. Chama cha Wachapishaji wa Kenya ndicho huisimamia, na chama hicho hicho huandaa Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi pale Sarit Centre, Westlands. Tuzo hiyo ina vitengo vya watu wazima, vijana na watoto, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ndani ya kitengo cha watoto hukutana kila kitu, kuanzia kitabu cha maneno mia moja hadi riwaya fupi ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Humo ndimo vitabu vya wanaoanza hupotelea.

Hata Marekani, ambako tuzo za vitabu vya watoto ni za zamani, walichelewa. Medali ya Newbery, ya uandishi bora, ilianza kutolewa mwaka 1922 na ya Caldecott, ya picha bora, mwaka 1938, lakini tuzo ya vitabu vya wanaoanza kusoma pekee, iitwayo Theodor Seuss Geisel, iliundwa mwaka 2004 na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Kabla ya hapo Arnold Lobel, bingwa wa vitabu hivi, aliambulia heshima za daraja la pili, Caldecott mwaka 1971 na Newbery mwaka 1973. Medali yenyewe ya Caldecott aliipata mwaka 1981, kwa kitabu ambacho hakikuwa cha wanaoanza.

Mwongozo huu ni kwa walimu, wakutubi, wazazi na vilabu vya usomaji vinavyotaka kuanzisha tuzo ndogo ya aina hii hapa Nairobi ndani ya mwaka mmoja. Si lazima umsubiri mtu mkubwa akufungulie mlango. Waamuzi watano, maktaba moja na shule mbili tatu zilizo tayari zinatosha kuanza. Kalenda ifuate mihula: Januari hadi Machi kukusanya vitabu, likizo ya Aprili waamuzi wasome, muhula wa pili watoto wasome, likizo ya Agosti kikao cha uamuzi, na Septemba kutangaza, wakati jiji lote linazungumzia vitabu kwa sababu ya maonyesho.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Mpaka ukilegea, tuzo yako itamezwa na vitabu vya Gredi ya 5. Andika kwenye karatasi moja kwamba kitabu kinachostahili ni kile alichoandikiwa mtoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) hadi Gredi ya 3 akisome mwenyewe. Kitabu cha picha ambacho mama humsomea mtoto kitandani kinaweza kuwa na lugha ngumu kiasi chochote, maana msomaji ni mama. Hicho ni kitabu kizuri, ila kitafute tuzo nyingine.

Kuhusu urefu, tuzo ya Geisel hudai kurasa zisizopungua 24 na zisizozidi 96. Sharti hilo usilinakili. Vitabu vingi vya ngazi ya chini hapa kwetu huwa na kurasa 8, 16 au 24, vimebanwa kwa pini katikati, na ukidai 24 utakuwa umevifungia nje vile vile unavyotaka kuvitetea. Weka kurasa 8 hadi 64.

Kuhusu lugha, mwaka wa kwanza chukua Kiswahili pekee. Nalisema hili huku nikijua kuna vitabu vya Gikuyu, Dholuo na Kikamba vinavyosubiri macho ya mtu. Lakini kila lugha ina njia yake ya kumfundisha mtoto kusoma, na jopo linaloamua lugha lisiyoisoma linawadhulumu waandishi wake. Ongeza lugha utakapopata waamuzi wake.

Tafsiri je? Zikae nje, angalau mwanzoni. Kitabu cha Kiingereza kilichopimwa neno kwa neno kikitafsiriwa hupoteza kipimo chake chote, na sentensi iliyokuwa ya maneno matatu mafupi inaweza kurudi na neno moja la silabi saba.

Jambo la mwisho katika mpaka ni mfululizo. Vitabu vya wanaoanza hutolewa vikiwa kumi au ishirini pamoja, vyenye jalada la sura moja, kiasi kwamba muuzaji mwenyewe huviita kwa rangi: vile vya kijani, vile vya njano. Ndiyo sababu moja kubwa ya kutotambuliwa. Tuzo yako ihukumu kitabu kimoja kimoja. Mfululizo unaweza kuwa na vitabu tisa vya kawaida na cha kumi kikawa almasi.

Hatua ya 2: Kusanya vitabu, hata vilivyojificha

Ukiketi ukisubiri wachapishaji wakuletee, utapata vile wanavyovisukuma sokoni. Vilivyosahaulika havina wa kuvisukuma, kwa hiyo itabidi utoke uvitafute.

Anza na maduka. Text Book Centre ya Kijabe Street na matawi yake yana rafu za vitabu vya ziada zilizopangwa kwa gredi. Kisha pitia maduka ya jumla katikati ya jiji ambako walimu hununua kwa wingi, uombe kuonyeshwa vitabu vya Kiswahili vya Gredi ya 1 hadi ya 3 ambavyo haviko kwenye rafu ya mbele. Wauzaji wa maduka haya wanajua mengi, na ukimwuliza mmoja wao kitabu gani watoto hukifungua na kukataa kukiachia, atakujibu bila kufikiri mara mbili.

Halafu waandikie wachapishaji moja kwa moja. Nairobi ndiyo makao ya Longhorn, Moran, East African Educational Publishers, Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation na Storymoja, na kuna wadogo wengi wasiotajwa, pamoja na waandishi wanaojichapishia. Barua iwe ya aya mbili: tuzo ni ya nini, na unaomba orodha ya vitabu vyote vya ngazi hii vilivyotoka miaka miwili iliyopita. Nimesema miwili kwa sababu kitabu kinaweza kuandikwa mwaka mmoja na kufika dukani mwaka unaofuata. Usidai ada ya kushiriki. Ada huwaacha nje wale wale wasio na fedha.

Chanzo cha tatu ni Huduma ya Taifa ya Maktaba Kenya, inayotoa namba za ISBN (namba za kutambulisha vitabu) nchini na kuandaa bibliografia ya taifa. Geuza kitabu utazame namba: vya Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Omba orodha ya vitabu vya watoto vilivyosajiliwa katika miaka unayoitaka, nawe utashangazwa na majina ambayo hujawahi kuyaona dukani.

Usisahau hadithi za mtandaoni. Tovuti ya African Storybook, inayofanya kazi tangu 2014, ina hadithi fupi za ngazi mbalimbali katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni zake huruhusu watu kuzichapa na kuzisambaza. Nadhani nazo zina haki ya kuingia iwapo zilitungwa kwa Kiswahili na zinaweza kuchapwa kwa karatasi, kwa sababu mtoto wa Mukuru au Kayole atazisoma kwa karatasi, simu ya nyumbani ikiwa mkononi mwa baba aliyeko kazini.

Kila kitabu kikifika, jaza kadi yake: jina, mchapishaji, mwaka, kurasa, bei, jina la mwandishi na jina la mchoraji. Hapo kwenye majina mawili ya mwisho utakutana na jambo la kuudhi. Katika vitabu vingi vya ngazi ya chini mwandishi ameandikwa kwa herufi ndogo ndani, kwenye ukurasa wa haki za kunakili, na mchoraji wakati mwingine hayupo kabisa. Mpigie mchapishaji simu, umwulize. Mimi ningeweka sharti kali: kitabu ambacho mchapishaji amekataa kumtaja mchoraji wake hakishindani. Katika kitabu cha maneno mia moja, mchoraji amesimulia nusu ya hadithi.

Tenga pia kisanduku cha vitabu vya zamani. Marekani kuna Tuzo ya Phoenix, iliyoanza mwaka 1985, ambayo hupewa kitabu cha watoto kilichotoka miaka 20 nyuma na wakati huo hakikupata tuzo kubwa. Wazo hilo linatufaa sana. Kuna vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyochapwa miaka ya themanini na tisini vinavyoendelea kusomwa hadi vinachanika, na hakuna aliyewahi kuwaambia waandishi wake asante hadharani. Heshima moja kila mwaka kwa kitabu cha miaka 20 au zaidi ambacho bado kinachapwa haitakugharimu chochote cha ziada.

Hatua ya 3: Andika vigezo vinavyotokana na Kiswahili

Hapa ndipo tuzo husimama au huanguka. Vigezo vya Geisel ni vizuri na inafaa kuvijua: mada imvute mtoto, maneno mapya yaongezwe polepole, maneno yarudiwe kwa mpangilio unaotambulika, sentensi ziwe rahisi, picha zioneshe kinachosimuliwa, na hadithi imsukume mtoto kufungua ukurasa unaofuata. Lakini vilizaliwa katika lugha ambayo herufi moja husomwa kwa njia tano, ambako mtoto hulazimika kukariri maneno kwa sura yake. Ndiyo maana sifa kubwa huko ni uchache wa maneno tofauti, na kitabu cha Dk. Seuss, ndiye Geisel mwenyewe, cha mwaka 1957 kuhusu paka mwenye kofia bado kinasifiwa kwa kutumia maneno 236 tu tofauti.

Mtoto wetu ana safari nyingine. Kiswahili kina irabu tano ambazo hazibadiliki, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Akishazijua silabi, anaweza kulitamka karibu kila neno. Kinachomchosha ni urefu. Neno walipokimbizana lina silabi saba, na mtoto anayesoma silabi moja moja akifika mwisho wake amesahau mwanzo. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni silabi kwa neno. Kwa Gredi ya 1, maneno mengi yawe ya silabi mbili au tatu. Ya silabi nne yaje machache, na la silabi tano liwe na sababu.

Tazama mfano huu nilioutunga kwa ajili ya kupimia:

Kuku yuko wapi?
Kuku yuko juu ya matatu.
Shuka, kuku!
Kuku hataki.

Maneno 12, na tofauti ni 8. Hakuna linalozidi silabi tatu. Kuku ametokea mara nne, kila sentensi mara moja. Kuna swali, kuna jibu linalochekesha, kuna amri, kuna ukaidi, na mtoto yeyote aliyewahi kusimama stendi anataka kujua kondakta atafanya nini. Waamuzi wakiweza kueleza kwa nini kipande kama hiki kinafanya kazi, wako tayari kuamua.

Kigezo cha pili ni viambishi. Anacheza, wanacheza, walicheza, hawatacheza: kompyuta itahesabu maneno manne, lakini kwa mtoto ni mzizi mmoja unaovalishwa nguo mpya. Mwandishi mzuri hubadilisha kiambishi kimoja kwa wakati. Akikaa kwenye wakati uliopo kurasa nne, kisha akaleta wakati uliopita pale ambapo hadithi yenyewe inarudi nyuma, amefundisha bila kufundisha. Akichanganya nyakati tatu na kirejeshi ndani ya ukurasa mmoja, amemwacha mtoto njiani. Basi katika fomu ya waamuzi, hesabuni mizizi peke yake na viambishi peke yake.

Cha tatu ni zawadi ambayo lugha hii inampa mwandishi bure, na ni wachache wanaoitumia. Upatanisho wa kisarufi humsaidia mtoto kubashiri. Kikombe kikubwa kimevunjika. Vikombe vikubwa vimevunjika. Akisoma ki- ya kwanza tayari anaisubiri ya pili, na akiipata anajiamini. Kitabu kinachojengwa juu ya mdundo huo, ki-ki-ki kisha vi-vi-vi, kinamfunza kusoma na kinamfunza sarufi kwa wakati mmoja. Kipeni alama.

Mpangilio wa herufi ngumu nao una uzito. Mb, nd, ng, ng', mw, kw, sh, dh, gh hazipaswi kumwagwa zote kwenye kurasa tatu za kwanza. Pia angalia chapa yenyewe. Je, ile ritifaa (') ya ng'ombe inaonekana wazi, au imefifia hadi mtoto anasoma ngombe? Je, herufi a ina umbo lile analofundishwa kuandika daftarini? Je, mstari umekatwa mahali pa kupumua, au neno ya limebaki peke yake mwishoni mwa mstari huku matatu ikiwa chini? Je, kuna neno lililokatwa kwa kistari mwisho wa mstari? Kwa msomaji mzoefu haya ni mambo madogo. Kwa anayeanza, neno lililokatwa ni maneno mawili yasiyo na maana.

Picha zijaribiwe kwa njia mbili. Funika maneno, utazame kama hadithi inafuatika. Kisha funika picha, usome maneno peke yake. Kitabu bora kitapungukiwa katika majaribio yote mawili, kwa sababu kila upande unabeba kitu ambacho mwingine hauna. Maneno yanasema kuku hataki, picha inaonyesha abiria wote wakimvuta mkia.

Kuna suala la msamiati ambalo litaligawa jopo lako, bora lizungumzwe mapema. Mtoto wa Umoja au Kawangware hucheza kwa Sheng, na vitabu vingi huandikwa kwa Kiswahili cha pwani. Wapo watakaotaka kukipunguzia alama kitabu chenye neno kama dau au kivuko kwa kuwa mtoto wa Nairobi hajaviona. Sikubaliani nao. Neno jipya moja au mawili, yakiwa na picha inayoyaeleza na yakirudiwa, ni utajiri. Kitabu kinachostahili kupunguziwa ni kile ambacho kila sentensi ina neno geni na picha haisemi lolote. Na kile cha Kiswahili cha kawaida kinachojua harufu ya mahindi choma na kelele za makanga kisidharauliwe eti ni cha mtaani.

Mwisho wa vigezo, na ndio wenye nguvu kuliko vyote: je, kuna hadithi? Vitabu vingi vya ngazi hii ni mazoezi ya silabi yaliyovalishwa majina ya watu, au mawaidha kuhusu kunawa mikono. Mtoto hujua. Kitabu kinachohubiri kikishindana na kinachosimulia, cha pili kishinde.

Hatua ya 4: Unda jopo

Watano wanatosha, na idadi iwe witiri. Mwalimu anayefundisha Gredi ya 1 au ya 2 sasa hivi, mkutubi anayehudumia watoto, mchoraji, mhariri au mwalimu wa isimu ya Kiswahili, na mzazi wa mtoto anayejifunza kusoma. Ukimkosa profesa, endelea. Ukimkosa mwalimu wa gredi za chini, ahirisha.

Mwenye kitabu kinachoshindana, mfanyakazi wa mchapishaji au wakala wake wa mauzo asikae mezani. Ulimwengu wa vitabu Nairobi ni mdogo na watu wanajuana, hivyo kila mwamuzi atie saini karatasi inayotaja uhusiano wake na waandishi na wachapishaji. Anayehusika na kitabu fulani atoke chumbani kinapojadiliwa.

Hatua ya 5: Wape watoto wasome

Jopo likipunguza orodha hadi vitabu vinane au kumi, vipelekwe kwa wenyewe. Maktaba ni mahali pazuri pa kuanzia. Maktaba za Kaloleni na Makadara kule Eastlands, zilizofufuliwa na shirika la Book Bunk, zina watoto wa mitaa ya karibu, na Huduma ya Taifa ya Maktaba ina tawi Buruburu. Kwa shule, onana na mwalimu mkuu kwanza, umweleze kwamba hutaki kuwapima wanafunzi wala kuwalinganisha walimu. Kitabu ndicho kinachopimwa. Mwambie hivyo pia mtoto mwenyewe, kwa sauti ya upole: tunataka utuambie kama kitabu hiki ni kizuri.

Pata idhini ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, kwa hiyo fomu zako zisiwe na majina. Gredi na umri vinatosha, na picha za nyuso usipige.

Utaratibu ni huu. Mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, kitabu kimoja. Mtoto asome kwa sauti. Mtu mzima ana nakala ya maneno na anatia alama kila neno lililosomwa sawa, lililokosewa, lililorukwa, na lile ambalo mtoto alilikosea akajirekebisha. Njia hii ilienezwa na Marie Clay wa New Zealand. Kwa kipimo chake, mtoto anayesoma sawa maneno 95 au zaidi katika 100 anaweza kukisoma kitabu peke yake. Kati ya 90 na 94 anahitaji msaada, na chini ya 90 kinamvunja moyo.

Lakini kwa Kiswahili usiishie kwenye asilimia. Kwa kuwa herufi zetu hazidanganyi, mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kosa na asielewe chochote. Ukimaliza kusikiliza, funga kitabu umwambie: nisimulie. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kwa Sheng. Akikueleza kwa nini kuku alikataa kushuka, amesoma.

Zaidi ya hapo, tazama mwili. Alicheka wapi? Aligeuza kurasa haraka wapi? Alitazama dirisha wapi? Mwisho weka vitabu vitano mezani, umwambie achague kimoja arudie. Chaguo hilo lina uzito mkubwa kuliko alama zozote, na mimi ningelitengea theluthi moja ya uamuzi wote.

Sikiliza watoto wa aina mbalimbali: wasomaji wepesi na wanaosuasua, shule za umma na zile ndogo za mitaani. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifikisha vitabu vya kiada vya Kiswahili na Kiingereza kwa watoto wa madarasa ya chini katika shule za umma kote nchini, na ni jambo la kushukuru. Kitabu cha hadithi cha kusoma kwa raha ni kitu kingine, na utakuta watoto ambao hiki ulicholeta ndicho cha kwanza kukishika.

Hatua ya 6: Kikao

Tenga siku nzima, mahali penye utulivu, nakala zote zikiwa mezani. Kila kitabu kisomwe kwa sauti kabla ya kujadiliwa. Vitabu hivi ni vifupi, na sikio husikia kilichopita jicho. Mjadala uanze na kinachofaulu, kisha kinachokwama, kisha ripoti za watoto. Hoja ya mwamuzi ifungwe na ukurasa: ukurasa wa 7, neno fulani, picha fulani. Anayesema tu kwamba hakikumgusa aombwe aonyeshe mahali.

Kwa kura, tumieni alama kama wafanyavyo waamuzi wa Newbery: chaguo la kwanza alama 4, la pili 3, la tatu 2. Mshindi akipata pengo dogo mno, jadilianeni tena na mpige kura upya. Toeni mshindi mmoja na vitabu viwili au vitatu vya heshima. Jopo liwe na haki ya kutotoa tuzo mwaka ambao hakuna kinachostahili. Yaliyosemwa chumbani yabaki chumbani, ila ripoti ya ukurasa mmoja inayoeleza ubora wa mshindi iandikwe na kutangazwa.

Hatua ya 7: Zawadi

Fedha zikipatikana, zigawanywe sawa kati ya mwandishi na mchoraji. Zisipopatikana, cheti kizuri na stika vinatosha. Stika ndiyo yenye kazi ya muda mrefu: mzazi anayesimama mbele ya rafu yenye vitabu arobaini vinavyofanana anahitaji alama moja ya kumsaidia. Chora muundo rahisi, kubaliana na mchapishaji ibandikwe kwenye nakala zilizopo na ichapwe jaladani toleo lijalo.

Sherehe ifanyike maktabani Jumamosi asubuhi, na watoto waliosaidia kuamua wakisome kitabu mbele ya mwandishi.

Hatua ya 8: Baada ya kutangaza

Wiki mbili za kwanza zina thamani kubwa. Peleka taarifa fupi Taifa Leo na vituo vya redio vya Kiswahili, ikiwa na bei ya kitabu na duka linalokiuza, maana msikilizaji asiyejua pa kukipata amesahau kabla ya chakula cha jioni. Wape maduka kibao kidogo cha kuweka rafuni. Waombe wakutubi waagize nakala. Tangu mwaka 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na vya ziada vimebaki kuwategemea wazazi, maktaba na wafadhili, huku kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ikipandisha bei. Hivyo mzazi mwenye uwezo wa kitabu kimoja kwa muhula anahitaji kujua kwa uhakika kile kimoja ni kipi.

Mhimize mchapishaji akiwasilishe kitabu kwenye tuzo kubwa pia, pamoja na ripoti yenu. Wachapishaji mara nyingi hawawasilishi vitabu vya ngazi hii kwa kudhani havina nafasi, na waamuzi nao hawawezi kukizawadia wasichokiona.

Kisha andika barua kwa Chama cha Wachapishaji wa Kenya kuomba kitengo cha wanaoanza kusoma, tofauti na cha watoto kwa jumla. Ambatisha idadi ya vitabu mlivyokusanya, vigezo vyenu, na fomu chache za watoto zisizo na majina. Nakala ipelekwe kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo ndiyo huidhinisha vitabu vya shule, na nyingine kwa Huduma ya Taifa ya Maktaba, pamoja na orodha ya vitabu vyote vilivyofika fainali, bei zake, na mahali vinapopatikana Nairobi.